Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kwa kuwa mambo haya tayari yamo katika maktaba ya chuo kikuu, rafu ya tasnifu za elimu, ndani ya jalada gumu la samawati, sioni sababu ya kuendelea kunyamaza. Humo mimi naitwa Mshiriki wa Tatu. Mshiriki wa Kwanza ni baba, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyetia saini fomu yake juu ya usukani bila kuisoma. Mshiriki wa Pili ni mjomba. Mtafiti ni mama.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, huu ni mwaka wake wa kumi na tisa, na kila Jumamosi alikuwa akienda chuoni kusomea shahada ya uzamili. Wenzake walikwenda kuchunguza wakulima, wauguzi na wauza mitumba. Yeye alirudi nyumbani siku moja na, huku akivua viatu mlangoni, akatangaza kwamba atajichunguza mwenyewe.

"Unaumwa?" mjomba akauliza.

"Ni njia ya utafiti. Inaitwa ethnografia ya nafsi. Unaandika yaliyokupata wewe, bila kujipamba, na kwa kupitia hayo unaonyesha jamii inavyokwenda. Mimi nitaandika habari za mwalimu ambaye pia ni mzazi. Mwalimu anayezoea kuwaita wazazi wa watoto wa watu ofisini, halafu siku moja anaitwa yeye."

Mjomba ni fundi viatu na meza yake ya kazi iko barazani kwetu. Wakati huo alikuwa ameshika misumari mitatu kwa midomo. Akaitoa mmoja mmoja.

"Kwa hiyo, dada, watu wengine wanasengenywa na majirani bure. Wewe utajisengenya mwenyewe, halafu wakupe shahada."

"Na wewe umo ndani."

Mjomba akarudisha misumari mdomoni.

Nilipofunga shule na kurudi kutoka bwenini nilikuta nyumba iko chini ya utawala wa kitaaluma. Kinasa sauti kilikaa juu ya friji, na mama alizungumza nacho akipika, akifua, akitafuta funguo. Unatoka kuoga unamkuta mama analiambia kabati la vyombo: "Leo nimemfokea mtoto wa watu kwa sababu ya madaftari. Katikati ya kufoka nikasikia sauti si yangu, ni ya mama yangu." Kabati halikujibu, lakini kinasa sauti kilikuwa na taa nyekundu, na taa nyekundu ilimaanisha kila mtu afunge mdomo.

Kulikuwa na utaratibu. Kila aliyeandikwa humo alipaswa kusoma kurasa zinazomhusu, akiwa na kalamu ya kijani, na kuandika pembeni pale anapokumbuka tofauti. Kilichoandikwa kwa kijani hakifutwi. Hata kama ni upuuzi, kinahifadhiwa na kuwekwa mwishoni mwa tasnifu, kwenye viambatisho, ili wasomaji waone kwamba mtafiti hakuwa peke yake ndani ya maisha yake.

Halafu kulikuwa na fomu ya ridhaa. Kwa umri wangu baba alishanisainia, lakini msimamizi wa mama kule chuoni alitaka na mimi nisaini kwa mkono wangu. Kipengele cha tatu kilisema: Mshiriki anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote, kwa ukurasa wowote, bila kutoa sababu na bila kuadhibiwa.

Nilikisoma mara nne. Nina miaka kumi na sita, na maneno "bila" na "kuadhibiwa" sikuwahi kuyaona yamekaa pamoja ndani ya nyumba yetu.

Nikaanza kazi kwa moyo mmoja. Ukurasa wa kumi na mbili mama ameandika kwamba nikiwa na miaka mitatu nilimng'ata daktari. Pembeni nikaandika: "Daktari ndiye aliyeanza." Ukurasa wa kumi na tisa ameandika kwamba nililia siku ya kwanza aliponiacha bwenini. Nikaandika: "Lilikuwa vumbi. Mashahidi: hakuna." Ukurasa wa ishirini na tatu: "Sentensi hii ina mistari saba. Mtafiti apumzike." Mjomba naye aliandika mara moja tu, mahali ambapo mama amesema kwamba mdogo wake anaishi nasi kwa muda. Mjomba yuko nasi mwaka wa saba. Akaandika: "Muda gani? Sikuulizwa."

Mama alipokea kurasa zetu, akasoma, akavuta pumzi, na kusema asante. Utaratibu ulimtaka aseme asante. Ilikuwa likizo tamu kuliko zote nilizowahi kupewa na serikali.

Jumatano mchana nikafika ukurasa wa arobaini na moja.

Lazima nieleze kwanza jambo ambalo shule yetu nzima inalijua. Muhula uliotangulia likizo hiyo, Mwalimu Mkuu akiwa safarini, karatasi rasmi ilionekana kwenye ubao wa matangazo wa walimu, yenye muhuri wa shule. Ilisema kwamba Ijumaa saa nne walimu wote watapimwa uzito katika zahanati ya shule. Waje wamevaa raba. Wapange foleni kwa cheo.

Walimu wetu ni watu wanaoheshimu muhuri. Ijumaa saa nne walikuwa kumi na nane, wamevaa raba, wengine za kuazima, Makamu wa Mwalimu Mkuu akiwa mbele. Muuguzi hakuwa na habari yoyote, lakini amri ni amri. Akaleta mzani barazani. Na kwa kuwa aliyeshika daftari alikaa mwisho wa baraza, muuguzi alilazimika kuzisoma kilo kwa sauti kubwa. Madarasa yetu yanatazamana na zahanati. Siku ile hisabati tulijifunza vizuri sana. Ilipofika zamu ya mwalimu wa kumi na tano, gari la Mwalimu Mkuu likaingia getini. Aliteremka, akawatazama wote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na akauliza kwa upole ni nani aliyefariki.

Wanafunzi watano tuliitiwa wazazi. Sitajadili kwa nini jina langu lilikuwa la kwanza.

Sasa mama, kwenye ukurasa wa arobaini na moja, alikuwa ameandika hivi: "Kwa miaka kumi na tisa nimekaa upande wa pili wa meza nikiwasikia wazazi wakisema, mwanangu hasemi uongo, na kila mara nimecheka moyoni. Siku ile nilimuuliza binti yangu mbele ya Mwalimu Mkuu, ni wewe? Akasema, si mimi, mama. Nikamgeukia Mwalimu Mkuu nikasema, mwanangu hasemi uongo. Nilisikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu kama ya mtu mwingine. Nilimwamini bila ushahidi, na sikukosea. Sura hii yote inasimama juu ya siku hiyo."

Nikaweka kalamu chini.

Kwa sababu ni mimi. Muhuri niliuchonga kwa wembe kwenye kisigino cha kandambili, siku mbili mfululizo, saa ya mapumziko, nyuma ya tangi la maji. Ni kazi ninayoionea fahari mpaka leo, hasa ile nyota ya katikati. Na mama aliponiuliza pale ofisini, nilikusudia kabisa kusema ndiyo. Lakini alikuwa amekuja mbio, ameacha darasa la watoto sitini, na mkono wa gauni lake ulikuwa na chaki mpaka kwenye kiwiko. Makamu alikuwa ameshasema mhusika atafukuzwa shule. Nikamtazama mama, nikatazama ile chaki, na jibu likatoka lenyewe kabla sijalituma.

Ningeweza kuupita ule ukurasa kimya. Lakini Jumamosi mama alitakiwa kusimama mbele ya walimu wa idara nzima na kuisoma sura ile kwa sauti, na kutetea neno kwa neno kwamba hakukosea. Sikuwa tayari mama yangu atetee uongo wangu kwa vielelezo. Wala sikuwa tayari kusema ukweli. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili na fomu angefanya. Nikaandika kwa kijani: "Naondoa ridhaa, ukurasa wa 41. Sababu: hazihitajiki."

Mama alikuwa mezani jikoni. Alisoma akiwa bado anatabasamu kwa sababu ya utani niliouandika ukurasa wa thelathini na nane.

"Ukurasa mzima?"

"Mzima."

"Hata ile sehemu ya..." Nilimwona akimeza swali, likashuka polepole kama kidonge kikubwa. Mtafiti haruhusiwi kuuliza sababu. Mama anaruhusiwa kuuliza chochote. Wote wawili walikuwa wamevaa gauni moja, na walikuwa wakigombania mdomo.

"Asante, Mshiriki wa Tatu," akasema hatimaye. Kisha baada ya muda: "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

Hakuwa anauliza habari za chakula.

Akampigia simu msimamizi wake. Msimamizi ni mama mtu mzima mwenye sauti ambayo haihitaji simu. Tulimsikia mpaka barazani.

"Huo ndio moyo wa sura, mwalimu. Ukiutoa utabaki na utangulizi na hitimisho vinatazamana."

"Ni haki yake."

"Ni haki yake," msimamizi akakubali, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino. "Lakini usipopita Jumamosi hii, semina nyingine ni mwakani. Na ruhusa yako ya kazini inaisha lini?"

"Mwezi huu."

"Basi andika kitu kingine. Una siku mbili."

Mama alikaa Alhamisi nzima mbele ya kompyuta. Alasiri akatuita barazani, akatusomea sura mpya. Haikuwa na ofisi wala Mwalimu Mkuu wala yeye mwenyewe. Ilihusu mahudhurio ya wazazi katika mikutano ya shule, kwa asilimia.

Alipomaliza, mjomba alikuwa anatazama soli aliyoishika kana kwamba imemkosea.

"Semeni," mama akasema.

"Dada, inasikika kama tangazo la kukatika kwa maji."

Mama akacheka kidogo, akakusanya karatasi zake, akaingia ndani. Tukasikia mlango wa bafu, kisha bomba likafunguliwa. Likaendelea kutiririka. Hakuna aliyekuwa anaoga.

Mjomba akagonga msumari mmoja. Akagonga wa pili.

"Mpwa wangu, hebu niletee ile kandambili yako ya kushoto."

"Ya nini, mjomba?"

"Niitengeneze. Tangu ulipofunga shule naiona. Kisigino chake hakikuchakaa. Kimekatwa kwa wembe, pembe nne sawasawa, na mtu mwenye subira. Mimi nakata soli mwaka wa ishirini na mbili huu, usinitazame hivyo."

Nikaileta, nikaiweka juu ya meza yake.

"Umemwambia mama?"

"Mimi ni Mshiriki wa Pili. Ukurasa huo haunihusu." Akageuza kiatu. "Mkato mzuri lakini. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa kazi leo hii."

"Nikimwambia, nitafukuzwa shule."

"Inawezekana."

"Na mama ataumia."

"Sasa hivi yuko bafuni anacheza?"

Mjomba aliendelea na kazi yake, ila alisema, bila kuinua macho: "Miaka saba niko hapa, sijamwona dada yangu akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe. Anataka hiki."

Nikaenda kuchukua kalamu ya kijani.

Nilianza kwa heshima zote: "Mshiriki wa Tatu anarudisha ridhaa ya ukurasa wa 41 na anarekebisha kumbukumbu kama ifuatavyo." Nikaeleza kandambili, wembe, tangi la maji, karatasi niliyoipata kwa kung'oa nusu safi ya barua ya shule kwa wazazi. Pembeni pakajaa, nikageuza nyuma ya ukurasa. Kwenye nyota ya katikati nilitumia mistari mitatu. Lakini nilipofika ofisini kwa Mwalimu Mkuu utani uliniishia, nikaandika tu: "Uliuliza ni wewe, nikasema si mimi. Ni mimi. Nilitaka kusema ndiyo. Ulikuwa na chaki kwenye mkono wa gauni."

Nikauweka ukurasa mezani, nikaenda kuosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo kwa wanaonijua lilikuwa ungamo tosha.

Mama alitoka bafuni, akakaa, akasoma. Nilikuwa nimempa mgongo. Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Kisha kiti kikasogea kwa nguvu, na najua kiti kinachosogea hivyo kinamaanisha nini, nikajiandaa. Hakuna kilichotokea. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama, mkono mmoja umeinuka, na ule mwingine umeshika kinasa sauti.

Akakaa tena.

"Ulichonga kwa wembe gani?"

"Wa kuchongea penseli."

"Na wino?"

"Wa kalamu. Nikatia sabuni ya kufulia kidogo ili usitiririke."

Aliandika.

"Walikuwa kumi na nane kweli?"

"Kumi na nane, mama. Mwalimu wa jiografia aliazima raba kwa mwanafunzi."

Mama akainuka, akaenda dirishani, akasimama kunipa mgongo. Mabega yake yakawa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na katika tasnifu ameandika kwamba hata yeye hakujua. Aliporudi alikuwa ni mama peke yake. Mtafiti alikuwa ametoka nje kidogo.

"Ulinifanya niape mbele za watu."

"Ndiyo."

"Na tangu jana nazunguka humu ndani nikidhani nimekukosea. Nilifikiri nimekuandika vibaya, nimekuaibisha. Nimeusoma huo ukurasa mara kumi nikitafuta kosa langu."

Hili ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa kandambili ya mgongo. Hili sikulijiandalia.

"Nisamehe, mama."

Akafuta miwani yake kwa upindo wa kanga, akaivaa, akanivutia kiti.

"Sikiliza. Haya ni bora kuliko niliyoandika mimi. Lakini nikiyasoma Jumamosi, kuna mtu mmoja lazima ayasikie kabla ya wale maprofesa. Niliapa ofisini kwake. Siwezi kumpita pembeni nikaenda kuwasimulia wageni. Kwa hiyo ukiniruhusu nisome, kesho tunakwenda shuleni, mimi na wewe. Ukikataa, sisomi, na hatuendi. Kipengele cha tatu bado kipo."

"Na adhabu?"

"Mimi nimefungwa na fomu. Mwalimu Mkuu hajasaini fomu."

Niliichukua ile fomu, nikaisoma upya kuanzia juu, nikitafuta kipengele cha nne ambacho kingenisaidia. Kilihusu namba ya simu ya idara. Huu ndio ubaya wa watu kukuheshimu: hakuna wa kumlaumu. Mama angeniamuru, ningekwenda nikiwa nimenuna, shahidi wa dhuluma. Sasa alikaa tu, mikono juu ya meza, ananisubiri mimi, na nyuma yake kwenye kompyuta zilionekana zile asilimia.

Nikasaini. Nikaweka na tarehe.

Ijumaa asubuhi shule ilikuwa tupu. Bila wanafunzi, korido inatoa sauti ya kila hatua yako, kama inakutaja jina. Mwalimu Mkuu alitupokea ofisini. Ni mwanamke mrefu, miwani yake ina mnyororo, na hana haraka na kitu chochote. Mama akamweleza kwa kifupi kwamba alikuja kurudisha maneno yake, akampa ukurasa. Aliusoma mbele, akaugeuza, akausoma nyuma.

"Kandambili," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Ya mguu gani?"

"Wa kushoto."

Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyepata jibu la maabara. Kisha akainuka, akafungua kabati la chuma, akatafuta kati ya majalada, akatoa moja. Mwalimu Mkuu wetu huandika kwa mkono wake kila kikao na kila mzazi, siku ile ile, kabla mzazi hajafika getini. Tulilijua hilo. Hatukujua kwamba huandika kila neno.

"Mwalimu mwenzangu," akamwambia mama, "umeandika hapa kwamba uliniambia mwanao hasemi uongo."

"Ndivyo nilivyosema. Nayakumbuka maneno yangu."

"Soma."

Mama akasoma kwa sauti: "Mzazi amesema, mwanangu hasemi uongo. Ikibainika ni yeye, nitamleta mwenyewe."

Akasoma tena, midomo ikicheza.

"Hii ya pili sikumbuki kuisema."

"Ulikuwa umeshasimama, unafungua mlango. Mimi nilikumbuka. Ndiyo maana sikuendelea kutafuta." Akaketi. "Nilisema moyoni, ama si yeye, ama ataletwa."

Mama alikuwa analitazama lile jalada jinsi mtu anavyotazama picha yake ambayo hakujua imepigwa. Halafu, na ninaapa kwa kandambili zote mbili, akatoa daftari na kuanza kunakili. Mwalimu Mkuu alipoambiwa utaratibu, akaomba kalamu ya kijani. Na yeye ameandikwa, ana haki yake. Akaandika nyuma ya ukurasa, chini ya maandishi yangu, kwa mwandiko wa ubaoni: "Tazama jalada la shule. Kumbukumbu ya mtafiti ina pengo, na pengo hilo linamtetea."

Kisha akanigeukia mimi.

"Makamu alitaka ufukuzwe. Mtu aliyekuja na miguu yake simfukuzi. Muhula ukifunguliwa utabaki nyumbani wiki mbili. Na utawaomba radhi walimu wote kumi na nane, mmoja mmoja. Kwa kuwa wewe unapenda mambo ya cheo, utafuata cheo. Makamu yupo nyumbani kwake sasa hivi."

Nyumba ya Makamu iko nyuma ya bwalo. Alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni, na kitambaa cha kupangusia vumbi begani. Nilisema kila kitu bila kupumua. Akapangusa kitasa cha mlango kwa kile kitambaa.

"Mama yako ataandika haya kwenye kitabu?"

"Bila jina lako, mwalimu," mama akasema. "Na unaweza kurekebisha."

Makamu akatazama kulia, akatazama kushoto, ingawa shule nzima ilikuwa tupu.

"Mzani ule ni mbovu. Unazidisha kilo nne. Iandikwe."

"Itaandikwa," mama akasema.

"Iandikwe nikiona."

Akaandika mwenyewe, kwa kijani, ukurasa umeegemea ukuta. Alipigia mstari neno "nne". Kisha akaniambia kwamba nimesamehewa, na kwamba nikikanyaga baraza lake kabla ya muhula kufunguliwa atabadili mawazo.

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa anaandika upya sura yake kichwani, unamwona kabisa, anakunja kidole kimoja, anakunja cha pili. Alichapa mpaka magharibi. Neno "sikukosea" alilifuta, akaliandika tena, akalifuta. Mwisho alitia alama ya kuuliza mbele yake na kuliacha.

Jumamosi nilikaa kiti cha nyuma cha ukumbi wa idara, karibu na mlango, kwa sababu za kiusalama. Mama alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye zahanati, maprofesa wakaanza kucheka, mmoja mpaka akavua koti. Msimamizi wake alicheka bila aibu yoyote, na kiti chake kikacheka naye. Alipofika kwenye chaki na jibu langu, wakaacha. Alipofika kwenye jalada la Mwalimu Mkuu, hakuna aliyesogea.

Mzee mmoja wa mbele, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, akainua mkono.

"Sasa, mwalimu. Ukiitwa tena shuleni, akakwambia si mimi, mama, utamwamini?"

Mama akavua miwani. Akanitafuta kule nyuma mpaka akanipata.

"Nitamuuliza," akasema. "Nitamwamini. Halafu nitamuuliza tena."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na mimi sikucheka, na nadhani hapo ndipo yule mzee alipoandika alama yake.

Alipita, kwa sharti moja: arekebishe tanbihi kumi na moja. Nilizichapa mimi, katika zile wiki mbili za adhabu, kwenye meza ya jikoni, mama akiwa kazini na mjomba akinichungulia kutoka barazani kila baada ya dakika tano. Sikuongeza hata neno. Tanbihi ya saba, ile ya mzani wa Makamu, niliitazama sana, lakini sikuongeza hata neno.